Amplifaya ya kwaya yetu na fundi wa Mwanjelwa: uzoefu wangu

Amplifaya ya kwaya yetu hapa Uyole, Mbeya, ilikuwa inavuma hata kabla mtu hajashika maiki, na besi ikiingia, sauti inakwaruza. Wengi walitushauri tununue waya za bei mbaya, zile nene zenye ncha za dhahabu. Mimi nikaipeleka kwa fundi mmoja Mwanjelwa, na kazi yake naisifu bila kusita.

Kwanza alichomoa kila waya unaoingiza sauti, akaacha spika tu. Mvumo ukabaki palepale. Akasema basi ugonjwa uko ndani, kwenye sehemu ya umeme. Alipofungua, kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimevimba vichwa. Akazimaliza chaji kwa rezista kabla ya kuzigusa, maana hushika umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. (Wenye tabia ya kufungua amplifaya nyumbani, tafadhali mlizingatie hilo.) Umeme wetu ni wa hezi 50; ukipita kwenye dayodi, zinazoufanya uelekee upande mmoja, unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita ndiyo inayojaza mabonde yake. Ikichoka, mabonde hayo unayasikia kwenye spika. Alifunga mpya za maikrofaradi 10,000. Ziliagizwa Dar, na kusubiri kulichosha, lakini mvumo umeisha kabisa.

Waya za spika nazo akazikwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Aluminiamu! Tuliuziwa kama shaba tupu, na hilo bado linaniuma, pesa ni za michango ya waumini. Halafu ni nyembamba, milimita 0.5 za mraba. Hata zingekuwa shaba, mita 20 kwenda na 20 kurudi zina ukinzani wa kama omu 1.4; kwa spika za omu 4, robo ya nguvu inaishia kwenye waya. Sasa tunatumia shaba ya kawaida ya milimita 2.5 za mraba, ya kufungia soketi za nyumba, na ukinzani hauzidi omu 0.3.

Kilichobaki ni umeme wa jioni. Mita ilisoma volti 190 badala ya 230, na amplifaya ya transfoma kama yetu hapo inapoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Hakuna waya wa spika unaotibu hilo. Tunachangishana tununue stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti.

Gharama yote haikufika nusu ya bei ya amplifaya mpya. Ukienda kwake wahi asubuhi, na ubebe waya zako azipime.