Templeti ya fomu ya "hatuhusiki": nimeitumia miezi 3, naipa nyota 2 kati ya 5

Mi nakodisha baiskeli za njia za porini, na kwa kazi hii lazima uwe na fomu ya mteja kusaini kabla hajapanda, kwamba akiumia hatakudai. Nikanunua templeti mtandaoni, wauzaji sitawataja, tangazo lao linasema mteja akishasaini hakuna atakayekushtaki na inafaa nchi yoyote. Nimeitumia miezi 3 halafu nikakaa na wakili tukaisoma mstari kwa mstari, ndo nimeona niandike mwenzangu asije akaamini kama nilivyoamini.

Zuri lake: inafunguka kwenye simu, mteja anasaini kwa kidole, tarehe na saa vinabaki, nakala inaenda kwenye imeili yake. Hapo sina neno.

Shida ni maneno yenyewe. Kuna dada mmoja alikuja na mwanae akaisoma yote (wengi hawasomi), akaniuliza, "Kaka, hapa wanasema nisidondoshe vyuma, vyuma gani?" Kuangalia, kweli, kifungu kizima kinaongelea vyuma vya gym! Breki hakuna, kokoto hakuna, mteremko hakuna, helmeti hakuna. Sasa mteja amekubali hatari gani kama hata hujamtajia? Na ile sentensi ya kwamba anaachia haki yake ya kudai fidia imefichwa katikati ya kurasa 3 za herufi ndogo kama za karatasi ya dawa.

Halafu mfumo wao unataka mteja alipe kwanza ndo linki ya fomu imfikie. Wakili alipoona hilo akaniambia kesi ya Uingereza ya 1970, Thornton na maegesho ya Shoe Lane, jamaa kachukua tiketi kwenye mashine, masharti yamebandikwa huko ndani, akaumia, wenye maegesho wakasema masharti yetu yanatukinga, mahakama ikakataa kwa sababu makubaliano yalishafungwa pale kwenye mashine na hakuonyeshwa sharti zito kama lile kabla. Mteja aone masharti kabla hajatoa hela, jamani.

Kubwa kuliko yote ni kile kifungu cha "hatuwajibiki kwa lolote hata kifo, hata kwa uzembe wetu". Uingereza hakifanyi kazi kabisa, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inasema mfanyabiashara hawezi kukwepa kuwajibika kwa kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake, andika utakavyoandika. Marekani kila jimbo na lake: Virginia hawaikubali fomu ya kuachia madai ya jeraha kabla halijatokea, California wanaikubali kwenye michezo na burudani ila uzembe mkubwa haumo, mahakama yao ya juu ilisema hivyo 2007, na New York gym au bwawa la kuogelea linalotoza ada fomu ya kukwepa lawama ya uzembe wake ni batili. Sasa karatasi moja itafaa vipi kote huko? Kuna na kisanduku cha mzazi kumsainia mtoto, wakati sehemu nyingi sahihi ya mzazi haimwondolei mtoto haki yake mwenyewe ya kudai. Hilo limeniuma sana maana nusu ya wateja wangu wanakuja na watoto, na mi nilikuwa nalala usingizi nikijua niko salama.

Saa hizi nina ukurasa 1 tulioandika na wakili, hatari za baiskeli zimetajwa moja moja, sentensi ya kuachia haki iko juu kwa herufi nzito na ina sahihi yake peke yake. Pembeni nina daftari la breki na matairi, kila asubuhi naandika nani kakagua baiskeli ipi, kwa sababu waya wa breki ukikatika na nilijua umechakaa fomu haitanisaidia kitu.

Wauzaji niliwaandikia warekebishe, wakajibu tu kwamba hela hairudi. Ukiinunua, tumia ule mfumo wa kusaini, maneno yao futa yote.