TAHADHARI: Anayeuza digrii ya Marekani ya miezi mitatu hapa Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mlio kazini na mnatafuta digrii ya kupandia daraja, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi.

Kuna kijana anazunguka Ngamiani, Makorora mpaka Chumbageni. Nadhifu, mpole, ana kishikwambi na fomu. Anajiita wakala wa chuo kikuu cha Marekani kinachosomesha watu wazima kwa masafa. Anakwambia uzoefu wako wa kazi ndio masomo yako: hakuna darasa, hakuna mtihani, miezi mitatu digrii mkononi.

Binamu yangu, karani wa siku nyingi na mama wa watoto wanne, alimwamini. Alianza na laki mbili na nusu za usajili. Ikafuata "tathmini ya uzoefu", laki nne. Kisha "muhuri wa ubalozi", laki tatu nyingine. Zote zilikwenda kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Hela alikopa kikoba, na marejesho analipa mpaka leo.

Cheti kilikuja, nimekishika mwenyewe. Karatasi nene, lakiri ya dhahabu, saini tatu. Nyuma yake karatasi ya matokeo: takwimu A, uchumi A, uongozi B, masomo ambayo hajafungua hata kitabu chake kimoja. Na mwaka wa kuanza chuo ulioandikwa pale, dada wa watu alikuwa kidato cha tatu!

Kazini ofisa utumishi alimwambia cheti cha chuo cha nje lazima kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Chuo chenyewe hakimo kwenye orodha yoyote ya vyuo vyenye ithibati, yaani vilivyokaguliwa na kuthibitishwa ubora wake. Wakala hapokei simu.

Kinachoniuma ni kwamba uongo huu umejibanza kwenye jambo la kweli. Marekani vipo vyuo vya watu wazima, kama Thomas Edison State University cha New Jersey, kilichoanza 1972, na kweli vinahesabu ujuzi wa kazini. Ila ujuzi huo unapimwa, kwa mitihani kama CLEP au kwa jalada la kazi zako, na unapunguza idadi ya masomo tu. Yanayobaki unayasoma. Asikubabaishe pia na barua ya ithibati. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika Axact, kampuni ya Karachi, Pakistan: tovuti kwa mamia za vyuo hewa, na bodi za ithibati za kubuni za kuvisafisha. Wizara ya Elimu ya Marekani inaweka mtandaoni orodha ya vyuo vyenye ithibati, kutazama ni bure.

Na msidhani cheti feki kinaishia kuwa hasara ya hela. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Wengine walikuwa wamekaribia kustaafu.

Kama umri umekwenda na bado unataka kusoma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina kituo cha mkoa hapa hapa Tanga. Unasoma ukiwa kazini, mitihani unafanya. Huna kidato cha sita? Ulizia utaratibu wa TCU wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, RPL: ukifaulu, uzoefu wako unakufungulia mlango wa chuo, kisha digrii unaisomea. Ada inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, si kwa simu ya mtu.

Uliyekwisha kulipa, usifute meseji wala risiti, peleka polisi. Namba iliyokutumia ujumbe wa utapeli itume 15040. Nasikia sasa anaonekana Muheza, namba mpya, fomu zile zile. Mwenye ndugu huko amfikishie leo.