Vitabu vya watoto vya mitumba, Mwanjelwa: anza na ukurasa wa hakimiliki

Mtu anayefuatilia historia ya vitabu vya watoto vya Kiswahili, akifika Mbeya aanzie kwenye meza ya vitabu vilivyotumika jirani na soko la Mwanjelwa. Maduka mengi ya mjini yamejaa vya kiada. Hapa hadithi za zamani bado zimelala chini ya magazeti, zimepangwa kwa ukubwa tu, si kwa mwaka wala mchapishaji. Tenga saa mbili.

Jalada lisikuhadae, fungua ukurasa wa hakimiliki. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya tarakimu 10 inayoanza na 9976 au 9987 ni ya Tanzania, ya kabla ya 2007. 9966 ni Kenya. Kuanzia 2007 tarakimu ni 13, na mbele kuna 978. Ukikuta maneno kwamba Kamati ya Lugha imekipitisha kitabu, hiyo ni alama ya enzi ya mkoloni: Kamati iliundwa 1930 kusanifisha Kiswahili, na ilikagua lugha ya vitabu kabla ya kuvipa kibali. Vya namna hiyo usiviache.

Kinachofanya meza hii istahili safari ni kwamba unaweza kulinganisha masimulizi ya hadithi moja. Chukua kima na papa. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870, kwa Kiswahili cha Unguja, ndani ya kisa cha punda wa dobi. Asili yake ni ya mbali zaidi: mkusanyo wa hadithi wa India uitwao Panchatantra, kisha ule wa Kiarabu wa Kalila na Dimna. Papa anamchukua kima kwa sababu sultani wa papa ni mgonjwa na anahitaji moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wenzake huacha mioyo yao mtini. Akisharudi juu ya mkuyu, ndipo anapomsimulia papa habari za yule punda aliyeponea chupuchupu kwa simba, akashawishiwa kurudi, akaliwa. Kitabu kikiishia kima anapopanda mti, nusu ya hadithi imekatwa, tena nusu yenye makali.

Kabla ya kulipa, hesabu kurasa. Vitabu vyembamba hufungwa kwa pini mbili mgongoni, na mvua za Mbeya za Novemba hadi Aprili huziotesha kutu inayokula karatasi. Inayodondoka kwanza ni karatasi ya katikati. Kwenye kitabu cha kurasa 32 utaruka kutoka ukurasa wa 14 hadi wa 19, na mtoto hataelewa kwa nini fisi ghafla yumo shimoni. Picha zilizofifia zenye ukungu wa kijivu ni dalili ya fotokopi iliyobanwa upya, iache.

Lipo jambo moja baya, na ni zito. Baadhi ya vitabu vina mihuri ya shule. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia uchapishaji na kufikisha vitabu kwenye maktaba za shule. Kitabu chenye muhuri kikikaa mezani, kuna darasa limepungukiwa. Usikinunue hata kikiwa adimu. Mwambie muuzaji akitenge, na kama shule iko karibu kirudishwe.

Bei ni kati ya elfu moja na elfu tatu, na ukichukua vitano anapunguza. Beba mfuko mgumu usiopitisha maji: meza haina paa la maana.