“Treni ni treni”: safari ya A4 isiyokuwa na A4

Nyota moja. Kampuni siitaji na mhudumu simtaji, maana sitaki kumharibia mtu kazi. Ninachotaka ni Mswahili mwenzangu anayeishi huku Uingereza, au anayekuja kutembea, ajue yaliyotupata kabla hajatoa hela yake kwa hizi safari za treni za mvuke.

Tangazo lao lilikuwa wazi. London King's Cross hadi York na kurudi siku hiyohiyo, treni ikivutwa na kichwa cha A4, ile aina ya vichwa vya mvuke vya kasi vya Uingereza vya miaka ya thelathini. Hawakuandika “treni ya zamani”, hawakuandika “kichwa cha mvuke” kwa jumla. Waliandika A4, wakaweka picha yake ukurasa mzima, na bei waliyotoza ilikuwa bei ya A4. Nililipa bila kunung'unika, tena kwa watu wawili, kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Voi, na yule ni mtu wa reli hasa. Miaka ya sabini alikuwa akisimamia moto kwenye yale majitu ya vichwa vya mvuke vya Garratt, aina ya 59, yaliyokuwa yakivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi. Yalitengenezwa Manchester, yakawa 34, kila moja tani zaidi ya 250, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na yalikula mafuta mazito badala ya makaa. Ujana wake wote ameumaliza ndani ya vichwa vya Mwingereza, lakini A4 alikuwa anaijua kwa picha tu.

Asubuhi ile alivaa koti na tai. Tulifika stesheni mapema kupita kiasi kwa sababu alitaka kuona kichwa kikirudi nyuma kushika mabehewa, asikie breki zikijaribiwa, anuse moshi. Treni ikaingia. Mbele yake dizeli. Tukadhani ni ya kusogeza mabehewa tu, kichwa chetu kinakuja. Watu wakaanza kupanda. Hakuna tangazo, hakuna karatasi ukutani, hakuna mtu wa kutuambia lolote. Baba mdogo akamwendea kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni na redio mkononi, akamuuliza kwa upole kabisa, “Samahani, A4 yetu tunaunganishwa nayo wapi?”

Kijana hakuinua macho kwenye orodha yake. “Leo hakuna mvuke. Hatari ya moto.”

“Mlijua lini?”

“Treni ni treni. Unapanda au hupandi?”

Mzee wa miaka sabini na ushei, amevaa tai kwa ajili yako, amevuka bahari, anajibiwa hivyo mbele ya watu. Alinyamaza. Akaniambia, “Twende, mwanangu,” akapanda. Mimi nilibaki pale chini nikitetemeka.

Sasa nitende haki, maana hasira isinifanye niseme uongo. Hatari ya moto ni jambo la kweli. Majira ya joto huku mvua ikikatika, nyasi za kando ya reli hukauka, na cheche kutoka kwenye bomba la kichwa cha makaa inaweza kuwasha shamba la mtu. Vichwa vya mvuke huzuiwa siku kama hizo, na ni sawa vizuiwe. Hilo silalamikii hata kidogo. Ninacholalamikia ni kwamba saa mbili baadaye, ndani ya treni, mfanyakazi mwingine, mama mstaarabu aliyekuwa akigawa chai, alituambia wazi kwamba habari hiyo walikuwa nayo tangu jana yake mchana. Jana yake mchana! Namba yangu ya simu wanayo, barua pepe wanayo, matangazo ya safari zao yananifikia kila wiki. Walinyamaza kwa sababu wangesema, watu wangeomba hela zao.

Na hiyo “treni ni treni” ndiyo iliyonikaa kooni mpaka leo. Kama treni ni treni, Nigel Gresley alijisumbua nini? Huyu ndiye aliyebuni A4, mhandisi mkuu wa LNER, kampuni ya reli ya Uingereza ya wakati ule. Wajerumani walikuwa na treni yao ya dizeli ya Berlin na Hamburg, yenye kasi ya ajabu kwa wakati ule, na Gresley alikwenda kuipanda mwenyewe. Wajerumani wakapiga hesabu ya treni kama ile kwa njia ya King's Cross kwenda Newcastle, wakasema itachukua saa nne na robo. Gresley akaona mvuke unaweza zaidi, ila uundwe upya. Mwaka 1935 karakana ya Doncaster ikatoa A4 ya kwanza, Silver Link, rangi ya fedha kuanzia pua hadi mkia, na katika safari ya majaribio mwezi Septemba ikafika kilomita 181 kwa saa. Treni ya Silver Jubilee ikaanza kwenda Newcastle, kilomita zaidi ya 430, kwa saa nne kamili.

Watu huona lile umbo la nje, pua iliyolala kama kabari, ubavu uliofunikwa, wakadhani ni urembo. Siyo. Ile pua ilijaribiwa kwenye upepo wa maabara, na kazi yake ni mbili: kupasua hewa, na kuinua moshi upite juu ya kibanda ili dereva aone njia. Na kilicho bora zaidi hakionekani kwa nje. Gresley alilainisha na kupanua njia za mvuke zilizo ndani, ule mvuke wenyewe utoke kwenye boila uingie kwenye silinda bila kukwama kwenye kona. Alifikiria hewa ya nje na mvuke wa ndani kwa pamoja. Vilitengenezwa 35 tu, na leo vimebaki sita, viwili kati ya hivyo viko Marekani na Kanada. Halafu mtu mwenye redio mkononi anakwambia treni ni treni.

Safari yenyewe sina mengi ya kusema. Viti vizuri, chai moto, dizeli ikanguruma mbele mpaka York. Tulipokuwa tukipanda kilima cha Stoke, baada ya Peterborough, mabehewa yalikuwa kimya kama matanga. Wenzetu wengi mle ndani walikuwa watu wa kufuatilia mambo haya, na kila mmoja alijua tunapita wapi. Ni pale, karibu na Little Bytham, ambapo tarehe 3 Julai 1938 Mallard, mojawapo ya A4 zile, iliteremka na mabehewa saba nyuma yake, dereva Joe Duddington na mchochea moto Tommy Bray, ikagusa maili 126 kwa saa, yaani karibu kilomita 203. Hakuna kichwa cha mvuke ambacho kimewahi kuthibitishwa kupita hapo. Gresley mwenyewe aliona 125 ndiyo ya kudai, na ile 126 iliyodumu kwa nukta chache tu hakuitaka. Huo ndio uungwana ninaouzungumzia. Mtu alikuwa na rekodi ya dunia mkononi, bado hakutaka kuongeza chumvi.

Tena tukumbuke siku ile Mallard haikufika London. Beringi ya silinda ya katikati iliungua, wakapunguza mwendo, wakaishia Peterborough, na kichwa kingine cha zamani zaidi kikaletwa kuvuta mabehewa hadi King's Cross. Kwa hiyo hata mashujaa hubadilishiwa kichwa njiani. Mashine ni mashine, inaharibika, hali ya hewa inabadilika, najua. Ndiyo maana nasema kosa si dizeli. Wangetupigia simu, au yule kijana angesema tu “samahani mzee, tumeumia kama ninyi,” leo ningekuwa naandika maneno mengine kabisa.

York tulikuwa na saa chache. Nilitaka kwenda kutafuta mkubwa wao nimwambie anachostahili, baba mdogo akakataa. Akasema twende kwenye jumba la makumbusho ya reli, ni mwendo wa miguu tu kutoka stesheni. Kuingia ni bure. Na hapa ndipo ninapojikanganya, maana yale masaa mawili yalikuwa miongoni mwa masaa bora niliyowahi kuwa naye.

Mallard imesimama pale, buluu iliyokolea, magurudumu mekundu ya giza, kila gurudumu la kuendesha limepita urefu wangu: mita mbili na ushei. Ubavuni kuna kibao cha ile rekodi. Baba mdogo hakusoma kibao. Alikwenda moja kwa moja akainama, mikono nyuma, akachungulia chini ya lile bati linalofunika magurudumu, akakaa vile muda mrefu hadi nikaogopa mgongo wake. Nikamweleza ninavyojua: silinda tatu, mbili nje na moja katikati ya fremu, na vali ya ile ya katikati haikuwa na mtambo wake, ilipata mwendo kutoka kwa zile mbili za nje kupitia mikono ya kuunganisha. Viungo vikilegea kidogo, mwendo ukiwa mkali, ile ya katikati hufanya kazi kupita wenzake, na konrodi yake, ile fimbo inayopeleka nguvu ya pistoni kwenye magurudumu, ndiyo inayopata moto. Akatikisa kichwa. “Sisi silinda zetu zote nne zilikuwa nje,” akasema. “Ukiwa na tatizo unaliona, unaligusa. Huyu ameficha moyo ndani, na bati juu yake. Ni mzuri, lakini fundi wake alikoma.” Na kweli, wakati wa vita yale mabati ya ubavuni yaliondolewa kwenye A4 zote ili mafundi wafikie mitambo, na Mallard ilirudishiwa baadaye, ilipokuwa imeshastaafu.

Alikuwepo mzee mmoja wa kujitolea pale, Mwingereza, naye alisikia neno Garratt. Wakaanza. Sikuweza kuingiza neno. Yule mzee alimwita “sir” kila sentensi, akamuuliza jinsi walivyokuwa wakiwasha moto wa mafuta asubuhi na namna ya kuangalia rangi ya moshi usiwe mweusi, akatupeleka hadi kwa kichwa kingine cha mvuke, Duchess of Hamilton. Hiyo ni ya mahasimu wa LNER, kampuni ya reli ya LMS, kazi ya William Stanier, iliyojengwa Crewe. Nyekundu ya damu ya mzee na mistari ya dhahabu inayotoka puani kama imechorwa na upepo. Ganda lake lilivuliwa miaka ya arobaini, ikaishi uchi miongo mingi, ikavishwa tena mwaka 2009. Akatuhadithia ndugu yake, Coronation, ilivyofika maili 114 kwa saa mwaka 1937 ikielekea Crewe, breki zikachelewa, treni ikaingia kwenye makutano ya stesheni kwa kasi isiyofaa, na vyombo vya jikoni vikavunjika. Baba mdogo alicheka hadi akatoa leso.

Nilitoka pale nikisema moyoni: nyota tatu. Wametufikisha York, York imetupa haya yote, tusiwe wachoyo wa shukrani.

Kisha tukarudi kwenye treni. Kila abiria akawa anagawiwa bahasha. Ndani kuna kuponi ya punguzo dogo kwa safari ijayo na kipande cha masharti ya tiketi, sentensi moja imepigwa mstari kwa kalamu: kichwa kinaweza kubadilishwa bila taarifa. Wamepata muda wa kupiga mistari karatasi za treni nzima, hawakupata muda wa kutuma ujumbe mmoja jana yake. Na yule kijana akapita, akaniwekea ya kwangu mezani, akamruka baba mdogo kana kwamba kiti kile hakina mtu. Ilibidi nimwite. Aliitupa tu.

Nyota moja, basi, na ninaomba radhi kwa mama wa chai ambaye yeye binafsi ningempa tano.

Kwa anayeuliza afanye nini: kama unataka kuiona A4, panda treni ya kawaida uende York, Mallard haiendi popote na hela yako itabaki mfukoni. Lakini siwezi kukuambia usipande kabisa safari hizi, nitakuwa nakudanganya. A4 iliyosimama ni nusu ya A4. Nimewahi kuisikia moja ikipita stesheni kwa mwendo, silinda tatu zinapiga haraka na laini, na honi yake nzito ya sauti kadhaa kwa pamoja, na nilikuwa nimemwahidi baba mdogo sauti ile. Bado ananidai mimi, si wao.

Kwa hiyo kuponi sijaichana. Anakuja tena majira mengine ya joto akijaliwa. Nitapiga simu mwenyewe mchana wa siku iliyotangulia, nitauliza jina la kichwa na kama kimeshawashwa moto, na nitataka jibu hilo kwa maandishi. Na yule kijana akiwa zamu siku hiyo, kabla hatujapanda, atamwomba mzee radhi palepale stesheni. Wakifanya hayo mawili nitarudi hapa kuzirekebisha nyota.