Nilipiga namba yangu mwenyewe, akapokea mwanamke wa Masaka

Kampuni ya simu yenyewe siitaji jina, msinisumbue. Kwanza bado nina laini yao mfukoni, pili nikishaitaja nitaanza kutukana, na baadhi ya wanafunzi wangu husoma haya mambo. Ila hili la kwenda kwetu mara moja na kurudi nikakuta namba yangu ya Uganda imegawiwa mtu lazima nilitoe. Limenikaa kooni tangu muhula uliopita.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nafundisha upande wa Nansana, nje kidogo ya Kampala, na shule zikifunga narudi kwetu Tanga. Mwaka wangu ni vipande vipande, huku na kule. Tuko wengi wa aina hii, hasa tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kila mmoja wetu ana simu ya laini mbili na hesabu zake kichwani za kujiokoa na gharama za vocha.

Hesabu zangu mimi zilikuwa hazina tundu, au ndivyo nilivyodhani. Laini ya Tanzania nikiwa Kampala inabaki hewani kwa ajili ya meseji za benki tu, data ya romingi, ile ya kutumia laini ya kwenu ukiwa nchi nyingine, nimeizima kabisa. WhatsApp nimeisajili kwa namba hiyohiyo ya Tanzania, kwa sababu WhatsApp haijali bando linatoka kwa nani. Natumia intaneti ya Uganda, na shangazi zangu wote wananipata kwa namba ileile waliyoizoea. Kuna mwenzetu alikuwa anabadilisha namba ya WhatsApp kila akivuka Busia, leo hajui hata makundi yake yako wapi.

Tatizo ni mama. Mama ana kitochi. Tumemnunulia simu janja mara mbili, zote ziko kabatini zimeviringishwa kwenye kitambaa kama vikombe vya wageni. Yeye anabipu, nami nampigia. Na habipu laini yangu ya kwetu, anabipu ya Uganda, kwa sababu ya kwetu nikiwa ugenini nakatwa hata kwa kupokea. Niliipokea mara moja tu. Mama akaanza kunisimulia harusi ya jirani, salio likaisha bibi harusi bado yuko ndani anapambwa.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa hesabu, Mkenya, hunicheka mpaka machozi. Yeye akiwa Kampala na laini yake ya Nairobi anapokea simu bila kukatwa, kwa ule mpango wa mtandao mmoja ambao Kenya, Uganda na Rwanda waliuanza mwaka 2014, Sudan Kusini ikaingia baadaye. Sisi hatukuwemo. Kinachouma zaidi ni kwamba tulishawahi kuonja. Wakongwe mtakumbuka, mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel waliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, ukawa unavuka mpaka unapokea simu kama uko sebuleni kwako. Basi tuache, nitapandisha presha bure.

Laini ya Uganda nilikuwa naipenda, nisiseme uongo. Intaneti yake haina shida, bando naona ni nafuu. Kodi ndizo za kuudhi, lakini hizo ni za serikali. Nilipofika mara ya kwanza tulikuwa bado tunalipa shilingi 200 kila siku ili kufungua WhatsApp na Facebook, wanafunzi wakanifundisha VPN, ile programu ya kuikwepa kodi hiyo, kabla mimi sijawafundisha ngeli. Mwaka 2021 ile ikaondolewa, wakaweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Na ukitoa pesa kwa wakala, juu ya ada kuna nusu asilimia ya serikali.

Hiyo nusu asilimia ndiyo iliyoniponza. Nilipoondoka mwezi wa kumi na mbili nilikuwa na shilingi laki sita na arobaini kwenye simu, malipo ya wazazi ambao nawafundishia watoto jioni. Nikajiuliza, za nini kuzitoa, nikatwe, nizibadilishe Busia, nikatwe tena, halafu nikirudi nianze kuziweka upya? Nikaziacha humohumo ziwe kodi ya nyumba. Kisha, kwa ujanja wangu uleule, nikaitoa laini yenyewe kwenye simu ili pale niweke laini ya pili ya Tanzania yenye vifurushi vya bei poa. Ya Uganda nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaiweka ndani ya kamusi.

Januari nikaanguka na pikipiki, nikavunjika mguu. Shule ikafunguliwa bila mimi. Nimerudi mwezi wa nne hivi, natembea kama bata.

Tulipofika Busia nikaipachika laini. Hakuna huduma. Nikaizima simu nikaiwasha. Hakuna huduma. Nikaifuta laini kwenye shati, nikaipulizia, jirani yangu kwenye basi akaniazima pini ya hijabu yake nikaitoa nikairudisha mara tatu. Hakuna. Nikasema labda ni mnara wa mpakani. Tukapita Iganga, tukapita Jinja, mto Nile ule pale, hakuna huduma. Kampala tumeshuka usiku, nikamwomba kijana wa boda simu yake nijipigie.

Ikaita.

Sijui kama umewahi kusikia namba yako mwenyewe ikiita huku simu yako imelala mkononi kimya. Mwanamke akapokea, sauti nzito ya usingizi. "Ani?" Yaani nani, kwa Kiganda. Nikamwambia, mama, hiyo ni namba yangu. Kimya. Nikasikia mtoto analia kwa mbali. "Ani oyo?" akauliza tena, halafu akakata. Kijana wa boda akanitazama kwa huruma, akafikiri nimeachwa na mke.

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisini kwao, huduma kwa wateja. Nikachukua kikaratasi cha foleni, nikakaa saa mbili nzima nimenyoosha mguu wangu mbovu watu wakiuruka. Zamu yangu ikafika, nikamkuta binti wa kucha ndefu anazipigapiga mezani, macho kwenye simu yake. Nikamwamkia kwa Kiswahili, tena taratibu, kile ninachofundishia darasa la kwanza. Hakuinua hata uso. "Simanyi Luswayiri, ssebo." Sijui Kiswahili, bwana.

Sawa. Hilo nimelizoea. Kuna watu Kampala ambao Kiswahili kwao bado ni lugha ya wanajeshi wa zamani na wezi, sitagombana na historia nikiwa na mguu mmoja. Nikahamia Kiingereza. Akaingiza namba, akasema laini haikutumika kwa siku tisini, mfumo umeifunga, namba imeuzwa upya. Alivyosema utadhani ananitajia bei ya nyanya.

Nikamuuliza, kwa nini hamkunijulisha?

Tulikutumia ujumbe.

Mliutuma wapi?

Kwenye laini yako.

Nikamweleza kwamba laini ilikuwa ndani ya kamusi. Kwamba mtu asiyetumia laini yake hawezi kusoma onyo la kutotumia laini yake. Kwamba walinisajili kwa pasipoti, na kwenye fomu waliniomba namba nyingine ya kunipata nikawaandikia. Akasonya. Kidogo tu, lakini niliusikia ule msonyo. "Ungekuwa unaitumia." Na pesa zangu? Nilete pasipoti, barua ya polisi, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa ya ninakokaa, yenye muhuri. Anayefuata!

Sasa sikilizeni. Ninanyanyuka, nashika meza, na simu yake inaita. Anaipokea. Anasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha nusu ya walimu wenzangu: "Niko kazini bwana, kuna mtu hapa ananisumbua. Nipigie saa saba."

Kuna mtu hapa ananisumbua! Hata vokali zilikuwa safi. Nilisimama pale kama mwizi aliyeibiwa. Ningekuwa na miguu miwili sijui ningefanya nini, pengine ningempa maksi.

Kwa hasira zile niliapa sitaweka tena hata shilingi mia kwao. Nikamwambia kila mtu pale ofisini kwa walimu. Nikaanza hata kuandika maoni haya na kichwa chake kikawa "Wezi." Halafu ikanilazimu nikifute, kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwenyekiti wa LC1 nilimkuta dukani kwake, akagonga muhuri, akaniomba ya soda, nikampa. Polisi nikapoteza nusu siku. Nikarudi ofisini kwao nimejiandaa kwa vita, nimekariri na sentensi kabisa. Dirisha lilelile, lakini amekaa mzee mmoja mwembamba wa miwani, ana kikombe cha chai ya maziwa. Akasoma barua zote mbili mpaka mwisho, jambo ambalo hata polisi hakulifanya na yeye ndiye aliyeandika moja. Akaniuliza mguu umefanya nini. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha kubahatisha lakini cha heshima, mara ya mwisho nilipokea pesa kutoka kwa nani na kiasi gani, nikamtajia. Akanisajilia laini mpya, akapiga simu mahali, akanywa chai. Chini ya nusu saa meseji ikaingia: laki sita na arobaini, hata mia haikupungua.

Kwa hiyo nifanyeje? Niwape nyota moja kwa binti au tano kwa mzee? Wizi haukuwepo, hilo nakiri. Namba nilipoteza kwa ubahili wangu, na hilo nalo nakiri, ingawa nikikumbuka ule msonyo naona nimekiri mapema. Kampuni inayoweza kurudisha pesa kwa nusu saa inashindwaje kumpigia mtu kwenye namba ya pili aliyowaandikia yeye mwenyewe? Hapana. Nyota mbili. Na zote mbili ni za mzee.

Kama nawe unakaa huku na kule kama mimi, laini yako usiifiche kwenye kamusi. Mimi sasa nikiondoka naipachika kwenye kitochi cha akiba na kumwachia jirani yangu Nansana, mama mmoja muuza chapati. Kila mwisho wa mwezi ananunua bando la mia tano na kunitumia meseji moja. Huwa anaandika "chapati." Basi, laini iko hai. Na pesa usiache, toa, hiyo nusu asilimia ni ndogo kuliko nauli ya boda kwenda polisi.

Lakini kuna kitu nilikisahau katika pilikapilika zote hizo. Mama hakujua lolote. Nilipokuwa nahangaika na mihuri, yeye alikuwa anabipu namba ya zamani, siku nne mfululizo, kila jioni baada ya magharibi. Na yule mwanamke, kwa kuwa ni mwema au kwa kuwa hajui kubipu ni nini, alikuwa anampigia. Kutoka Uganda mpaka Tanga, bila kifurushi. Yeye anaongea Kiganda, mama anaongea Kiswahili na Kisambaa akipaniki. Mama akahitimisha kwamba nimeoa Mganda na nimemficha. Nilipompigia kwa laini mpya hakuniuliza mguu, aliniuliza mjukuu anaitwa nani, maana amemsikia akilia.

Nikampigia yule mwanamke kumwomba radhi. Safari hii alikuwa macho, tukaelewana kwa Kiswahili cha sokoni na Kiganda changu cha kuombea maji. Yuko Masaka, laini aliinunua mwenyewe kihalali, ameshawapa ndugu zake wote, hawezi kuirudisha na sikumwomba. Ila akasema mama yako amenimalizia vocha, shilingi elfu nne. Nikamtumia elfu tano.

Namba mpya mama ameandikiwa kwenye karatasi na mdogo wangu, imebandikwa ukutani juu ya redio. Ya zamani amekataa kuifuta. Juzi nilimpigia, laini ikawa inatumika. Nikangoja robo saa. Alipopokea, akaniambia mtoto ameota jino.