Umeme wa Jua wa Kubeba Safarini na Kambini: Kipi Kinastahili Kununuliwa

Mtu anayetafuta vifaa vya umeme wa jua kwa ajili ya safari ndefu za gari na kupiga kambi mbali na nyaya za umeme kwa kawaida huanza kwa kuulizia ukubwa wa betri, na muuzaji humjibu kwa kumwonyesha betri kubwa kuliko zote alizonazo. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: kila siku utatumia umeme kiasi gani, na jua la siku moja litakurudishia kiasi gani? Betri huhifadhi tu. Kinachokufikisha siku ya nne na ya tano ukiwa bado na umeme ni paneli. Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa hapa kwa kuangalia kwanza uwiano kati ya paneli na betri, kisha uzito, kisha umri wa betri. Ukubwa wa betri peke yake haukukipa kifaa chochote nafasi ya juu.

Hesabu huanzia kwenye friji

Matumizi hupimwa kwa wati-saa, yaani wati za kifaa zikizidishwa kwa saa kinazofanya kazi. Simu mbili zikichajiwa kila siku hula takribani wati-saa 40 ukijumlisha na zile zinazopotea njiani. Kompyuta ya mkononi hula kama 60. Taa ya LED ya wati 5 ikiwashwa kwa saa tano hula 25. Jumla ni wati-saa 125, kiasi ambacho hata betri ndogo hukimudu bila taabu. Sasa ongeza friji ya gari ya lita 40 ambayo kompresa yake huvuta wati 45. Mahali penye joto kompresa hiyo inaweza kuwa kazini kwa asilimia 40 ya muda, na kwa saa 24 hiyo ni karibu wati-saa 430. Kifaa kimoja kimekula zaidi ya mara tatu ya vingine vyote kwa pamoja, na ndiyo maana wanunuzi ni wa makundi mawili tu, wenye friji na wasio na friji, nao hawafai kununua kitu kimoja.

Vifaa vya kuzalisha joto viachwe nje ya hesabu hii kadiri inavyowezekana. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji wati-saa 93 hata kabla ya kuhesabu upotevu wowote, na chai ya watu wanne asubuhi na jioni inaweza kumaliza sehemu kubwa ya umeme ambao paneli ilihangaika kuukusanya mchana kutwa. Jiko dogo la gesi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Wati zilizoandikwa kwenye paneli na wati utakazozipata

Namba iliyochapishwa kwenye paneli hupimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Paneli iliyotandazwa juani adhuhuri hufika nyuzi 60 au 65 kwa urahisi, na seli za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, kwa hiyo joto peke yake linaweza kuondoa asilimia 10 hadi 16. Ongeza vumbi, pembe isiyoelekea jua sawasawa na upotevu wa kwenye waya, na utaona kwa nini nashauri kupanga safari kwa asilimia 70 ya namba iliyoandikwa. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua zuri itakupa wati-saa 350 hivi. Mwenye friji anayetumia zaidi ya wati-saa 550 kwa siku anahitaji paneli ya wati 200, na hapo bado hatujahesabu mawingu.

Kivuli ni adui mkubwa zaidi kuliko joto, na watu wengi hukidharau kwa sababu huonekana kidogo. Seli za paneli huunganishwa mfululizo, hivyo seli moja iliyofunikwa huzuia mkondo wa wenzake. Tazama skrini ya betri wakati kivuli cha tawi kinapotambaa juu ya paneli: jani pana likifunika seli moja nzima, wati zinaweza kushuka kwa nusu au zaidi papo hapo, ingawa sehemu iliyobaki ya paneli bado inang'aa juani. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipendelee paneli ya kukunja yenye waya wa mita tano au zaidi, kwa kuwa gari na hema hukaa kivulini, na paneli husogezwa mara mbili au tatu kwa siku kulifuata jua. Betri nayo ibaki kivulini daima. Wapo wanaoiweka nyuma ya paneli au ndani ya gari lililofungwa vioo, kisha wanashangaa inapokataa kuchaji. Betri za lithiamu hulindwa na mfumo unaokatisha chaji joto likizidi kiasi, na zile zinazoachwa kwenye joto kali mara kwa mara huzeeka mapema.

Unapokagua paneli yenyewe, chagua yenye seli za silikoni ya fuwele moja na iliyofunikwa kwa plastiki ya ETFE badala ya ile ya PET, kwa kuwa PET hufifia na kuwa na rangi ya manjano mapema zaidi inapokaa juani.

Nafasi ya kwanza: sanduku la wati-saa 700 hadi 1,100 na paneli ya wati 200

Kwa msafiri mwenye gari na friji, chaguo langu ni kituo cha umeme cha kubebeka, yaani sanduku moja lenye betri, inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) na kidhibiti chaji ndani yake, la ukubwa huu wa kati. Mifano inayojulikana ni EcoFlow Delta 2 yenye wati-saa 1,024 na uzito wa kilo 12, Anker Solix C1000 yenye wati-saa 1,056, Jackery Explorer 1000 v2 yenye wati-saa 1,070, na Bluetti AC70 yenye wati-saa 768. Zote nne hutumia betri za aina ya LiFePO4, yaani lithiamu yenye chuma na fosfeti, na hilo kwangu ni sharti lisilo na mjadala. Betri za aina hii hustahimili mizunguko elfu kadhaa ya kuchaji na kutumia, ilhali masanduku ya zamani ya lithiamu yenye nikeli na kobalti mara nyingi yaliahidiwa mizunguko 500 hadi 1,000. Unaposoma ahadi hizo, angalia inapoishia hesabu: mtengenezaji mmoja huhesabu hadi betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake, mwingine hadi asilimia 70, na namba hizo mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Udhaifu mmoja wa LiFePO4 ni baridi kali, kwa kuwa haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Sanduku la wati-saa 1,000 linamfaa mwenye friji kwa siku moja na nusu bila jua lolote, na paneli ya wati 200 hurudisha matumizi ya siku ndani ya siku hiyohiyo hali ya hewa ikiwa nzuri. Chomeka friji kwenye soketi ya volti 12 na si kwenye ile ya umeme wa nyumbani. Inveta hupoteza sehemu ya umeme inapougeuza, na ikiachwa imewashwa bila kazi yoyote bado huvuta wati kadhaa. Inveta inayovuta wati 10 kwa saa 24 hula wati-saa 240, zaidi ya nusu ya chakula cha friji yenyewe.

Kabla ya kununua paneli ya kampuni tofauti na ya sanduku, pindua paneli na usome karatasi iliyobandikwa nyuma. Utaona alama ya Voc, ambayo ni volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu. Tuseme imeandikwa 23. Paneli mbili kama hizo zikiunganishwa mfululizo zitatoa volti 46, na sanduku linalopokea mwisho volti 28 linaweza kuharibika kwa dakika moja. Zikiunganishwa sambamba, volti hubaki 23 na ampea ndizo zinazojumlishwa. Acha nafasi ya ziada chini ya kikomo cha sanduku, kwa sababu volti za paneli hupanda asubuhi yenye baridi. Angalia pia wati ambazo sanduku linaweza kupokea kutoka kwenye jua, maana kuna masanduku makubwa yenye mlango mwembamba ambayo hata ukiyapa paneli nyingi hayashibi.

Nafasi ya pili: sanduku dogo na paneli ya wati 60 hadi 100

Asiye na friji asishawishike kununua kikubwa. Sanduku la wati-saa 250 hadi 300, kama EcoFlow River 2 yenye wati-saa 256 na uzito wa kilo 3.5, linatosha simu, kompyuta, kamera na taa, na paneli ya wati 60 hulijaza kwa siku moja na nusu hivi. Nimekiweka kifaa hiki katika nafasi ya pili kwa sababu tu hakiimudu friji. Kwa mengine yote uwiano wake kati ya uzito na manufaa ndio bora kuliko wa kifaa chochote kilichotajwa hapa, na huhamishwa kutoka garini hadi hemani kwa mkono mmoja.

Nafasi ya tatu: mfumo uliofungwa kwenye gari

Huu ni wa wale wanaoishi barabarani kwa miezi. Paneli ngumu hufungwa juu ya gari, betri ya LiFePO4 ya ampea-saa 100, ambayo ni sawa na wati-saa 1,280, hukaa ndani, na kidhibiti chaji huviunganisha. Nunua kidhibiti cha aina ya MPPT, kinachoiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake bora. Cha PWM, ambacho ni aina sahili zaidi, huivuta paneli ishuke hadi volti za betri, na paneli ya volti 18 na ampea 5.5, ambayo ni ya wati 100, ikishushwa hadi volti 13 hutoa wati 72 tu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu waya usio na fyuzi ukichunika na kugusa bodi ya gari unaweza kuwasha moto. Kasoro yake niliigusa hapo juu, kwamba paneli isiyosogea hulilazimisha gari lote likae juani, na friji iliyo ndani ya gari lenye joto hufanya kazi zaidi. Zile paneli nyembamba za kugandisha kwenye bati sizishauri, kwa sababu hazina nafasi ya hewa chini yake na hupata joto kali zaidi.

Mfumo huu hupata thamani yake kamili ukiongezewa chaja inayochota umeme wa alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini, gari linapotembea. Hata wenye masanduku wasisahau njia hii: soketi ya volti 12 ya gari kwa kawaida hutoa wati 100 hivi, na mwendo wa saa tatu ni wati-saa 300, ambazo kwa kawaida huzidi zile za siku nzima za paneli ya wati 100 iliyopata mawingu. Hakikisha tu kwamba soketi hiyo huzimika injini inapozimwa, la sivyo sanduku litanyonya betri ya kuwashia gari usiku.

Nafasi ya nne, na kile cha kuacha dukani

Pawabenki ya kawaida pamoja na paneli ya kukunja ya wati 20 hadi 30 yenye soketi za USB inamfaa anayetembea kwa miguu kwa siku kadhaa. Ni chaguo pekee pia kwa anayefika mwanzo wa safari kwa ndege, kwa kuwa mashirika ya ndege huruhusu betri za hadi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi, zile za kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika, na zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kuzibeba.

Pawabenki yenye paneli ndogo iliyobandikwa mgongoni mwake usiinunue kwa ajili ya jua. Betri ya mAh 20,000 ni sawa na wati-saa 74, na paneli ya ukubwa wa kiganja hutoa wati moja na nusu ikibahatika. Utahitaji karibu saa 50 za jua kali, na muda wote huo betri inaiva pamoja na paneli.

Masanduku ya zaidi ya wati-saa 2,000 sijayapanga. Mengi yana uzito wa kilo 20 na kuendelea, na bila paneli za wati 400 hugeuka mzigo unaojazwa nyumbani na kurudi nyumbani mtupu.

Chochote utakachochagua, kijaribu ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha bidhaa. Tumia betri hadi ibaki robo, kwa sababu sanduku lililokaribia kujaa hupunguza lenyewe umeme linaoupokea na litakupotosha, kisha tandaza paneli adhuhuri chini ya anga safi, ielekeze sawasawa na jua, futa vumbi na usome wati kwenye skrini. Paneli ya wati 200 isiyofika hata 120 katika hali hiyo, ilhali sanduku lina uwezo wa kuzipokea zote, irudishe dukani.