TAHADHARI: Redio za mesh zenye stika ya 868, mzigo wa Kariakoo

Ndugu zangu wapanda milima, hasa mnaokwea Uluguru, naombeni msome hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anatangaza mtandaoni "redio za mesh, kilomita 50 bila mnara wala vocha", yaani vidude vya kutumiana meseji bila mtandao wa simu, mzigo anautolea Kariakoo. Nilichukua sita kwa ajili ya kikundi chetu cha Morogoro, 140,000 kila moja, jumla 840,000. Ni michango ya watu hiyo. Alinijaribishia palepale mezani, meseji zikaingia, nikaridhika.

Jumamosi yake tukapanda Lupanga. Ukungu ukashuka, wenzetu wawili wakabaki nyuma msituni. Wao wanatuma, hazifiki. Sisi tunatuma, kimya. Na hatukuwa tumeachana hata nusu kilomita! Tuliwapata saa moja na nusu usiku kwa filimbi na kuita majina, binti mmoja kifundo cha mguu kimevimba, anatetemeka kwa baridi. Mama yake ndiye aliyeniomba nimwangalie.

Nilipofika nyumbani nikafungua redio moja. Juu ya bodi kuna stika nyeupe, "868". Nikaibandua kwa ukucha: chini yake pamechapwa 433. Zote sita hivyo hivyo. Namba hizo ni masafa ya mawimbi, na redio ya LoRa (teknolojia ya mawimbi inayotumiwa na mesh hizi) iliyoundwa kwa megahezi 433 ukiilazimisha irushe 868, nguvu kubwa inapotelea humohumo ndani. Mezani zitasikilizana, porini hapana. Kwa hiyo msikubali jaribio la mezani. Mmoja abebe yake avuke uwanja wa mpira, apite na nyumba kadhaa, ndipo mlipe.

Betri nazo zimeandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji zinachobeba. Betri ya 18650, aina iliyomo humu, hata iliyo bora, huwa kwenye 3500 hivi. Zetu mbili zilikata kabla ya saa tisa mchana.

Mesh yenyewe ni kitu kizuri, sitaki mtu aiache kwa sababu ya huyu: redio zinapokezana ujumbe, na moja ikikaa mgongoni mwa mlima inawaunganisha walio mabondeni. Ila hizo kilomita 50 ni za mahali pa wazi, redio zikionana, si ndani ya msitu.

Nilipompigia alisema nimechezea setingi, kisha akanibloku. Risiti ya EFD hakutoa. Polisi nimesharipoti. Jina la ukurasa ameshalibadilisha, kwa hiyo mtambueni kwa tangazo la kilomita 50 na hiyo stika nyeupe. Kama umeshanunua kwake, ibandue leo, kabla hujapanda na watu.